Vilele vitano, nafasi nne: kukokotoa masafa ya mawimbi bila kupotea

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne. Kanuni ya v = fλ (mwendokasi = masafa × urefu wa wimbi) naijua vizuri, lakini maswali ya mawimbi bado yananinyima alama. Mfano ni hili: kijiti kwenye tangi la mawimbi kinatetemeka mara 20 kwa sekunde 4, na umbali kutoka kilele cha kwanza hadi kilele cha tano ni 12 cm. Tafuta mwendokasi wa mawimbi. Mimi nimepata 12 cm/s, kitabu kinasema 15 cm/s. Grafu nazo zinanichanganya, na wimbi likitoka kwenye maji ya kina kirefu kuingia kina kifupi sijui kipi kinabadilika na kipi kinabaki. Naomba unieleweshe.

Marahaba. Kitabu kiko sahihi, na kanuni yako haina kasoro. Masafa umeyapata vizuri: mitetemo 20 kwa sekunde 4 ni mitetemo 5 kila sekunde, yaani 5 Hz. Ulipoteleza ni kwenye urefu wa wimbi. Umegawanya 12 kwa 5 ukapata 2.4 cm, kisha ukazidisha tena kwa 5, ndiyo maana jibu limekurudia 12.

Chukua penseli, chora vilele vitano kwa mstari. Urefu wa wimbi ni nafasi iliyopo kati ya kilele na kilele kinachofuata. Sasa hesabu nafasi, usihesabu vilele. Cha kwanza hadi cha pili, moja. Hadi cha tatu, mbili. Hadi cha nne, tatu. Hadi cha tano, nne. Kwa hiyo:

λ = 12 cm ÷ 4 = 3 cm
v = fλ = 5 × 3 = 15 cm/s

Maswali mengi ya mawimbi hukosewa hapa, kabla mtu hajaigusa kanuni. Mtungaji wa mtihani anajua hivyo, ndiyo maana ni nadra kukupa urefu wa wimbi mkononi; atakupa umbali na idadi ya vilele uutafute mwenyewe. Akisema "kutoka kilele cha tatu hadi cha nane", toa: 8 − 3 = 5, hizo ni nafasi tano. Akisema "vilele tisa vinavyofuatana vinachukua 20 cm", ni nafasi nane. Akichanganya kilele na bonde, kumbuka kwamba kutoka kilele hadi bonde linalofuata ni nusu ya urefu wa wimbi. Kwa mfano, kilele cha kwanza hadi bonde la tatu baada yake: nusu hadi bonde la kwanza, moja na nusu hadi la pili, mbili na nusu hadi la tatu. Umbali huo ukiwa 10 cm, λ ni 10 ÷ 2.5 = 4 cm. Kwa sauti ni vilevile, ila badala ya vilele na mabonde unahesabu sehemu ambako hewa imebanana na sehemu ambako imetanuka. Kutoka mbano mmoja hadi mbano unaofuata ni λ moja. Kutoka mbano hadi mtanuko wa jirani ni nusu.

Huenda utauliza: mbona mitetemo 20 hatukuitoa moja ikawa 19? Kwa sababu mtetemo mmoja kamili tayari ni nafasi. Kijiti kinaanza sehemu fulani, kinashuka, kinapanda na kurudi pale pale kikielekea upande uleule. Hiyo safari nzima ndiyo moja. Lakini swali likisema "vilele 11 vilipita penye mlingoti ndani ya sekunde 5, saa ikianza kuhesabu kilele cha kwanza kilipofika na kusimama cha kumi na moja kilipofika", hapo unahesabu matukio, si safari. Vipindi ni 10, kila kimoja sekunde 0.5, na masafa ni 2 Hz. Ukigawanya 11 kwa 5 utapata 2.2 Hz na utakuwa umekosa. Kabla ya kugawanya jiulize: hiki ninachohesabu ni alama au ni nafasi kati ya alama?

Mtego huohuo uko kwenye jaribio la makofi na ukuta. Mtu amesimama 85 m kutoka ukutani, anapiga makofi kwa mpigo sawa mpaka kila kofi liangukie juu ya mwangwi wa kofi lililotangulia. Kutoka kofi la kwanza hadi la 21 ni sekunde 10. Nafasi ni 20, kila moja sekunde 0.5. Sauti imekwenda na kurudi, 170 m, kwa hiyo v = 170 ÷ 0.5 = 340 m/s. Aliyegawanya 10 kwa 21 anapata 357 m/s, na aliyesahau kwamba sauti ilirudi anapata 170 m/s. Ndiyo maana inafaa uzikumbuke namba chache za kupimia jibu lako: sauti hewani ni takriban 331 m/s kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na 343 m/s kwenye nyuzi 20, kwenye maji ni karibu 1,500 m/s, mwanga na mawimbi ya redio hewani ni 3 × 10⁸ m/s. Jibu la sauti hewani likitoka 170 au 700, rudi nyuma bila kusubiri msahihishaji.

Sasa grafu. Ziko mbili, na kwa macho zinafanana kabisa. Tofauti iko kwenye mhimili wa mlalo tu, kwa hiyo usianze kwa kuangalia wimbi, anza kwa kusoma maandishi ya chini. Mhimili wa mlalo ukiwa na umbali (m au cm), hiyo ni picha ya wimbi zima kwa wakati mmoja, na kilele hadi kilele kinakupa λ. Ukiwa na muda (s au ms), hiyo ni habari ya chembe moja tu inavyopanda na kushuka, na kilele hadi kilele kinakupa kipindi, T. Grafu ya muda haiwezi kukupa urefu wa wimbi, hata uikodolee macho vipi, na grafu ya umbali haiwezi kukupa masafa. Mtungaji akitaka vyote viwili lazima akupe grafu zote mbili, au grafu moja pamoja na mwendokasi.

Tuseme mhimili wa mlalo umeandikwa "muda (ms)", na kati ya 0 na 50 kuna mawimbi mawili na nusu.

T = 50 ÷ 2.5 = 20 ms = 0.02 s
f = 1 ÷ T = 1 ÷ 0.02 = 50 Hz

Hayo ndiyo masafa ya umeme wa majumbani Tanzania na Kenya, na grafu ya namna hii hutolewa sana. Kosa lake la kawaida ni kuandika f = 1 ÷ 20 = 0.05 Hz, kwa kusahau kwamba 20 ni milisekunde. Fikiria maana ya 0.05 Hz: mtetemo mmoja kila sekunde 20. Hapo hapo utaona kuna kitu hakijakaa sawa, kwa sababu grafu yako nzima haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde.

Urefu wa kwenda juu, kutoka mstari wa kati hadi kileleni, ni amplitudo. Haumo kwenye v = fλ. Swali likikupa amplitudo ya 3 cm pamoja na masafa na mwendokasi, hiyo 3 imewekwa kukupima. Na kwa tahadhari: kutoka kilele hadi chini ya bonde kwa wima ni amplitudo mara mbili.

Vipimo vinastahili subira zaidi, maana hapa hata wanaojua huanguka. Badilisha kila kitu kiwe mita, sekunde na Hz kabla ya kuingiza kwenye kanuni, si baada. Kwenye tangi la mawimbi unaweza kubaki na sentimita mwanzo mpaka mwisho, kama tulivyofanya juu, mradi jibu liandikwe cm/s. Kwenye redio huwezi kubahatisha. Kituo cha FM kinatangaza kwa 100 MHz. Tafuta urefu wa wimbi.

λ = v ÷ f = (3 × 10⁸) ÷ (100 × 10⁶) = 3 m

Ukisahau "mega", unapata 3,000,000 m, yaani kilomita 3,000, zaidi ya mara nne ya umbali wa Nairobi hadi Dar es Salaam. Antena ya redio ndogo ya mkononi ikivutwa yote huwa na urefu unaokaribia robo ya wimbi la FM, kama sentimita 75 hivi. Jibu la mita chache kwa FM basi linaingia akilini. Jibu la kilomita haliingii. Mkanda wote wa FM, kutoka 88 hadi 108 MHz, una mawimbi ya kuanzia karibu 3.4 m hadi 2.8 m.

Kuna mtego mwingine ambao si wa fizikia, ni wa kikokotoo. Ukibonyeza 3 × 10⁸ ÷ 100 × 10⁶ mfululizo bila mabano, mashine inagawanya kwa 100, kisha inazidisha kwa milioni, na jibu linatoka 3 × 10¹². Mashine haijakosea, imefuata mpangilio uliouandika. Funga namba ya chini kwa mabano, au tumia kitufe maalumu cha kipeo (kile kilichoandikwa ×10ˣ au EXP) ambacho huichukua 100 × 10⁶ kama namba moja. Kwenye chumba cha mtihani hii inatofautisha watu wawili waliojua kitu kilekile.

Swali lako la mwisho: wimbi likihamia sehemu nyingine, kipi kinabaki? Masafa ndiyo hubaki. Mwendokasi hubadilika, na urefu wa wimbi hubadilika kwa kuufuata. Sababu yake ukiielewa hutahitaji kukariri. Masafa huamuliwa na chanzo, yaani kile kijiti kinachotikisa maji. Kikileta vilele 10 kila sekunde hadi kwenye mpaka wa kina kirefu na kina kifupi, basi upande wa pili lazima vitoke vilele 10 kila sekunde, kwa kuwa vilele haviwezi kurundikana mpakani wala kuzaliwa pale. Upande wa kina kifupi maji hupitisha wimbi polepole zaidi, kwa hiyo kila kilele kinakuwa hakijaenda mbali kabla kingine hakijamfuata nyuma. Vinasogeleana, λ inapungua.

Kwa hesabu: kijiti kinatetemeka kwa 10 Hz, mwendokasi ni 24 cm/s kwenye kina kirefu na 18 cm/s kwenye kina kifupi.

Kina kirefu: λ = 24 ÷ 10 = 2.4 cm
Kina kifupi: λ = 18 ÷ 10 = 1.8 cm

Kwa kuwa f ni ileile pande zote, v₁ ÷ λ₁ = v₂ ÷ λ₂. Uwiano huu unakusaidia wakati hukupewa masafa kabisa. Wimbi lenye λ ya 2.4 cm kwa 24 cm/s likiingia mahali ambapo mwendokasi ni 18 cm/s, λ mpya ni 2.4 × 18 ÷ 24 = 1.8 cm, na masafa hujayagusa.

Sauti hufanya vivyo hivyo ikitoka hewani kuingia majini, ila kinyume, maana majini huongeza mwendo. Sauti ya 440 Hz hewani kwa 343 m/s ina λ ya 0.78 m, majini kwa 1,480 m/s inakuwa na λ ya 3.36 m. Bado ni 440 Hz. Mwanga mwekundu nao ukiingia kwenye kioo hupungua mwendo na urefu wa wimbi lake hupungua, lakini masafa yake hayaguswi.

Mfano mkubwa zaidi uliufikia mwambao wetu: tsunami ya Bahari ya Hindi ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoanzia karibu na Sumatra ikafika hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Wimbi refu kiasi kile huenda kwa mwendokasi unaotegemea kina cha maji, v = √(gd), ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia na d ni kina. Kwenye kina cha 4,000 m hiyo ni karibu 198 m/s, zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Tukichukua kipindi cha dakika 20, yaani sekunde 1,200, urefu wa wimbi ni 198 × 1,200, kama kilomita 238. Likifika penye kina cha 10 m mwendokasi unashuka hadi karibu 9.9 m/s. Kipindi hakibadiliki, bado dakika 20, hivyo urefu wa wimbi unakuwa karibu kilomita 12. Nishati iliyokuwa imetandazwa kwenye kilomita 238 sasa imebanwa kwenye 12, na maji hayana pa kwenda ila juu. Ndiyo maana chombo kilichoko bahari kuu kinaweza kupitiwa na tsunami bila nahodha kuhisi, huku ufukweni ukija ukuta wa maji.

Usiisome v = fλ kana kwamba ukiongeza masafa mwendokasi utapanda. Kwa maswali ya kidato chako, ndani ya kitu kilekile mwendokasi huchukuliwa kuwa hauongozwi na masafa. Ukiongeza f, λ ndiyo hupungua. Sikiliza beni ya mtaani kutoka mbali: ngoma kubwa ya sauti nzito na tarumbeta ya sauti kali hukufikia kwa mpigo mmoja. Kama sauti kali ingekimbia zaidi, muziki ungefika umevurugika. Kwa hiyo swali likisema "masafa ya kijiti yanaongezwa mara mbili, kina cha maji hakibadiliki", andika: v haibadiliki, λ inakuwa nusu.

Mwangwi wa chini ya maji huletwa kuwachanganya watu kwa namna nyingine. Meli inatuma sauti ya 30 kHz, mwangwi unarudi baada ya sekunde 0.2, mwendokasi wa sauti kwenye maji ya bahari ni 1,500 m/s. Tafuta kina na urefu wa wimbi. Hapa kuna maswali mawili yasiyohusiana. Kina: 1,500 × 0.2 ÷ 2 = 150 m. Urefu wa wimbi: 1,500 ÷ 30,000 = 0.05 m. Wapo wanaochukua 1 ÷ 0.2 na kuiita masafa. Sekunde 0.2 ni muda wa safari ya kwenda na kurudi, si kipindi cha mtetemo. Ndani ya muda huo chanzo kingeweza kutetemeka mara 6,000.

Kwa kidato chako kuna pia mawimbi yaliyosimama, ya kwenye uzi na kwenye bomba la mwitiko. Humo, kutoka nukta tulivu moja (sehemu isiyotetemeka) hadi ya jirani ni nusu ya λ, si λ nzima. Uzi wa 1.2 m uliofungwa ncha zote mbili, wenye vitanzi vitatu (vipande vinavyotetemeka kati ya nukta tulivu), una λ ÷ 2 = 0.4 m, kwa hiyo λ = 0.8 m. Kwenye bomba, uma sauti (chuma chenye meno mawili kinacholia kwa masafa maalumu) wa 512 Hz ukiitikiwa kwanza hewa ikiwa na urefu wa 16.0 cm na mara ya pili 49.5 cm, tumia tofauti ya hizo mbili:

λ ÷ 2 = 49.5 − 16.0 = 33.5 cm, hivyo λ = 0.67 m
v = 512 × 0.67 = 343 m/s

Ukitumia mwitiko wa kwanza peke yake, ambao hewa yake ni robo ya wimbi, λ = 4 × 16.0 = 64 cm, unapata karibu 328 m/s, pungufu. Sababu ni kwamba wimbi halikomei hasa mdomoni mwa bomba. Linatokeza nje kidogo, takriban 0.6 ya nusu kipenyo cha bomba. Kwa bomba lenye kipenyo cha 2.5 cm hiyo ni 0.75 cm, na ukiijumlisha, 16.75 × 4 = 67 cm, ile ile. Ukitoa urefu mmoja kutoka kwa mwingine, hicho kipande cha nje kinajifuta chenyewe.

Jaribu hili bila kuangalia juu. Kwenye tangi, vilele 9 vinavyofuatana vinachukua 20 cm, na kilele kimoja kinasafiri 30 cm kwa sekunde 1.5. Tafuta masafa. Kisha mawimbi yanaingia kina kifupi ambako mwendokasi ni 16 cm/s. Tafuta urefu mpya wa wimbi. Majibu ni 8 Hz na 2 cm. Ukipata 9 Hz, umehesabu vilele badala ya nafasi. Ukipata 8 Hz lakini urefu mpya ukabaki 2.5 cm, umeishikilia λ mahali pa kuishikilia f. Na ukipata 6.4 Hz kwenye kina kifupi, ni kosa hilohilo limetokea kwa mlango wa pili: umechukua 16 ÷ 2.5, ukayabadilisha masafa ambayo kijiti hakijayabadilisha.